Ndugu Mhariri, hizo protini za maabara zinamhusu mgonjwa wa kisukari moja kwa moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzetu aliyeandika kwamba ni aibu vyuo vyetu kuomba hela za "kuchezea bakteria" wakati kuna mama anarudishwa nyumbani toka hospitali kwa kukosa insulini. Hasira yake naielewa na nusu ya barua yake naiunga mkono kabisa, insulini kukosekana kunaua watu na hakuna cha kutetea pale. Ila hiyo nusu ya pili, kwamba kazi ya kutengeneza protini maabara haina uhusiano wowote na huyo mama, hapo nakataa, na nakataa kwasababu hizo protini ndo kazi yangu ya kila siku, watu tunaoijua tukinyamaza basi maneno kama yale yatakaa hivohivo na kesho yanafika bungeni.

Tuanze na insulini yenyewe maana ndo iliyotajwa. Miaka ya nyuma insulini yote ilikua inakamuliwa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe waliochinjwa, ilihitajika zaidi ya tani mbili za vipande vya nguruwe kupata kama gramu 230 tu za insulini. Mwaka 1978 kule California, David Goeddel wa kampuni ya Genentech akishirikiana na kina Arthur Riggs na Keiichi Itakura wa kituo cha utafiti cha City of Hope walichukua jeni ya insulini ya binadamu waliyoiunga wenyewe kwa kemikali wakaiingiza kwenye bakteria wanaoitwa E. coli, mnyororo mmoja wa insulini wenye asidi amino 21 (ndo vipande vinavyojenga protini) ukatengenezwa peke yake na wa pili wenye 30 peke yake halafu wakaiunganisha miwili. Oktoba 1982 Marekani ikaruhusu insulini hiyo, kwa jina la Humulin ya kampuni ya Eli Lilly, itumike kwa wagonjwa. Kampuni zingine zinatumia hamira badala ya bakteria, na ni hamira ya aina ileile ya mkate, Saccharomyces cerevisiae. Kwahiyo insulini ambayo huyo mama ameikosa hospitali ilitokana na watu waliokua "wanachezea bakteria", na kama kuna mtu miaka ya sabini angewanyima hela kwa hoja ileile basi leo tungekua bado tunagombania kongosho machinjioni.

Protini inayotengenezwa hivi inaitwa rikombinanti, na wengi wakisikia neno hilo wanadhani ni kitu cha kutisha. Iko hivi. Kila protini mwilini ina maelekezo yake, ndo jeni. Unachukua maelekezo ya protini moja unayoitaka, unayapachika kwenye kipande cha DNA cha duara kinaitwa plasmidi, unakiingiza kwenye bakteria, unawalisha na kuwatikisa kwenye joto la nyuzi 37, wakishakua wengi unawapa kemikali ya kuwaamsha waanze kuitengeneza. Asubuhi unawapasua, unazungusha kwenye mashine takataka zikae chini, yale maji ya juu unayapitisha kwenye bomba dogo lenye nikeli, na kwakua protini yako uliiwekea mkia wa histidini inang'ang'ania nikeli na zingine zote zinapita zinaenda zake. Unaiachia, unaipima kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa uone kama ni mstari mmoja safi. Ukikuta mistari kumi unarudia. Hakuna kiumbe kipya kinachotoka nje kwenda mtaani, bakteria wenyewe wanauawa hapohapo.

Sasa inatumikaje kwenye magonjwa ya sukari, mafuta na unene, maana msomaji aliuliza faida iko wapi.

Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman pale Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipata jeni ambayo ikiharibika panya anakula bila kushiba mpaka anakua mnene kupita kiasi. Kupata jeni ni nusu ya kazi tu, haikuambii protini yake inafanya nini. Mwaka 1995 watafiti wakaitengeneza hiyo protini, ndo leptini, kwa bakteria, wakawachoma panya wale wanene, panya wakapunguza kula na wakapungua uzito. Hapo ndo dunia ikaamini kwamba mafuta ya mwili yanaongea na ubongo. Kule Cambridge, Uingereza, Sadaf Farooqi na Stephen O'Rahilly walikua wameshapata watoto wawili wa ukoo mmoja wenye asili ya Pakistan ambao miili yao haina leptini kabisa, mmoja ni binti wa miaka 9 aliyekua na kilo 94. Mwaka 1999 wakaripoti kwamba wamempa leptini rikombinanti na akaanza kupungua, na mtoto aliyekua anadai chakula muda wote akaanza kushiba kama watoto wengine. Ni kweli watu wengi wanene wana leptini nyingi tu kwahiyo dawa hiyo haiwasaidii, hilo lisemwe wazi watu wasije wakaanza kuitafuta madukani, ila kwa wale wachache ambao hawana ilikua ni kupewa maisha mapya.

Mfano ambao unaniuma zaidi ni wa protini inaitwa PCSK9, inayohusika na lehemu (kolesteroli) kwenye damu, kwasababu ule unatuhusu sisi Waafrika kwa damu.

Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa na Kanada walionyesha kwamba kuna koo zenye lehemu nyingi sana kwenye damu kwasababu protini hii imezidi kufanya kazi. Halafu kule Dallas, Jonathan Cohen na Helen Hobbs wakafikiria kinyumenyume, wakatafuta watu wenye lehemu ndogo, na mwaka 2005 wakakuta karibu asilimia 2 ya Wamarekani weusi waliowapima wana jeni ya PCSK9 iliyokatika, yani protini yake haifanyi kazi. Mwaka 2006 wakaonyesha kwenye kundi lingine lililofuatiliwa miaka 15 kwamba weusi wenye jeni hiyo iliyokatika walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo pungufu kwa asilimia 88. Asilimia 88 Mhariri, bila kidonge. Mwaka 2007 ikatoka taarifa ya wanawake wajawazito waliopimwa Zimbabwe, na mmoja wao alikua amerithi jeni iliyokatika kwa baba na kwa mama, lehemu yake mbaya iko chini kabisa, kama miligramu 15 kwa desilita, na alikua mzima wa afya na amezaa. Huyo dada wa Zimbabwe ndo alikua miongoni mwa uthibitisho mkubwa kwamba protini hii ukiizima mtu hadhuriki.

Ila jeni zilikua hazijajibu swali moja, protini inafanyaje kazi yake. Hapo ndo protini rikombinanti ikaingia, watafiti wakatengeneza PCSK9 safi wakawaingizia panya wa kawaida kwenye damu, na vipokezi vya ini vinavyozoa lehemu vikapungua ndani ya muda mfupi. Ikaeleweka kwamba inafanya kazi ikiwa nje ya seli, inaelea kwenye damu, na kitu kinachoelea kwenye damu unaweza kukikamata kwa kingamwili, zile protini za kinga zinazonasa kitu maalumu. Mwaka 2015 dawa mbili za kingamwili zikaruhusiwa Marekani, alirokumabu na evolokumabu, zote nazo ni protini rikombinanti. Jiulize ni hospitali ngapi za mkoa hapa kwetu zinazo. Damu ya mwanamke wa Zimbabwe na ya wajukuu wa watu waliopelekwa utumwani imeifundisha dunia, dawa imetengenezwa kwingine na inauzwa bei ambayo ndugu wa yule dada hawezi hata kuiuliza. Mi siwalaumu wale waliofanya kazi, waliifanya vizuri sana, ila nataka safari ijayo maabara ya kujibu lile swali la protini inafanyaje kazi iwe huku.

Na hiyo safari ijayo imeshaanza. Vitabu vyote vinasema kijana mwembamba mwenye kisukari anayehitaji insulini ni aina ya kwanza, yani kinga ya mwili imeshambulia kongosho. Mwaka 2025 umechapishwa utafiti wa karibu watu 900 wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini walioanza kuumwa wakiwa wadogo na wakaambiwa ni aina ya kwanza, na kama asilimia 65 yao hawakuwa na kingamwili za kushambulia kongosho. Soma tena hapo. Zaidi ya nusu, ugonjwa wao sio ule wa kwenye kitabu. Ni upi basi? Matibabu yabadilike au yabaki? Wadogo zao wako hatarini au la?

Ili upime hizo kingamwili unahitaji protini ya kongosho yenyewe, mojawapo ni GAD65, iliyotengenezwa maabara. Unaweka GAD65 safi kwenye sahani ya kipimo, unamwagia damu ya mgonjwa, kama ana kingamwili zitakuja kuinasa, protini ni chambo na kingamwili ndo samaki. Huna chambo huvui. Kwahiyo daktari wa Mbarara au Mbeya akitaka kujua mtoto aliyeko mbele yake ana kisukari cha aina gani, mwisho wa mnyororo wa maswali yake kuna mtu amekaa mahali anachezea bakteria au hamira kutengeneza GAD65. Sasa hivi huyo mtu yuko Ulaya au Marekani, na mara nyingi damu zenyewe ndo zinasafirishwa kumfuata.

Wanaoagiza watanielewa hapa. Protini hizi zinauzwa kwa mikrogramu, unakuta chupa ndogo ya mikrogramu 50 inauzwa dola mia kadhaa, na gramu moja ina mikrogramu milioni 1, fanya hesabu. Nyingine zinakuja zikiwa unga mkavu hizo zinavumilia joto kidogo, ila nyingi zinataka barafu kavu njia nzima na zikifika zikae kwenye freeza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na ukishaiyeyusha usiigandishe tena na tena maana inajikunja vibaya inakufa. Mzigo unafika uwanja wa ndege Ijumaa mchana. Afisa anauliza hii ni dawa, ni chakula au ni vimelea, fomu haina sehemu ya kuandika "protini ya utafiti", kibali kinatakiwa kwa ofisi nyingine ambayo imeshafunga, Jumatatu ni sikukuu. Barafu kavu haikusubiri, inageuka hewa inaondoka. Mzigo kama huo nimewahi kuufungua, sanduku jepesi, ndani kukavu, chupa ziko palepale na lebo zake nzuri. Na kibaya zaidi sio kwamba zimeharibika, kibaya ni kwamba huwezi kujua kwa macho, zinaonekana maji tu, mwanafunzi ana miezi michache ya kumaliza na msimamizi wake hana hela ya kuagiza nyingine, anaambiwa jaribu hivohivo. Majibu yatakayotoka pale ni ya nani? Yanaingia kwenye tasnifu, yanaingia kwenye makala, halafu tunashangaa kwanini wenzetu hawaamini kazi zetu.

Na hili ndo ninalotaka wenye maamuzi walisikie: protini inataka barafu lakini maelekezo yake hayataki. Plasmidi ikikaushwa inasafiri kwenye bahasha ya kawaida, inafika na joto la Dar es Salaam haliisumbui. Kuna shirika lisilo la faida la Addgene kule Massachusetts, tangu mwaka 2004 linahifadhi plasmidi za watafiti na kuwatumia wengine wa vyuo kwa gharama ndogo, na hati miliki ya msingi ya teknolojia hii ya kuunga jeni iliisha mwaka 1997. Ukishakua na plasmidi unayo, unaizalisha mwenyewe miaka yote. Lita moja ya bakteria ikienda vizuri inakupa miligramu kadhaa za protini, na miligramu moja ni mikrogramu 1,000, yani chupa 20 za zile za dola mia kadhaa. Sisemi ni bure, kuna mashine, umeme, mishahara, kuna protini ngumu ambazo bakteria hawaziwezi zinataka hamira au seli za wanyama, GAD65 yenyewe ni mojawapo ya hizo zenye usumbufu kwenye bakteria. Ila hata hamira tunayo.

Tena sio kitu kigeni ukanda huu. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo pale Nairobi (mwanzoni ikiitwa ILRAD), wamefanya kazi na protini rikombinanti ya p67 ya vimelea vya ndigana kali tangu miaka ya tisini mwanzoni, wakitafuta chanjo ya ng'ombe. Kama ng'ombe wetu wamefanyiwa, sioni kwanini mgonjwa wa kisukari asifanyiwe.

Kuna wenzangu wataniambia za kununua zina ubora, za kujitengenezea ni za kubahatisha. Hoja nzito hii siikwepi. E. coli wana sumu kwenye ukuta wao inaitwa endotoksini, inang'ang'ania protini, na hata chembe yake ndogo ikifika kwenye seli za kinga zinapiga kelele za uvimbe, na uvimbe huohuo unafanya seli zisiitikie insulini. Kwahiyo unaweza kuitangaza protini yako kwamba inasababisha ukinzani wa insulini kumbe ni uchafu. Imeshatokea kwa wakubwa, kuna protini za HSP, zinazolinda seli kwenye joto na shida zingine, ambazo makala nyingi zilisema zinaamsha kinga, mwaka 2003 ikaonyeshwa kwamba mengi ya yale yalikua endotoksini iliyobaki kwenye protini rikombinanti. Dawa yake inajulikana: unapima endotoksini kila bechi na unaandika namba kwenye chupa, unaweka na kontrol, yani sampuli ya kulinganishia, ya protini iliyochemshwa ambayo imekufa lakini endotoksini yake haifi kirahisi kwa joto, kama iliyochemshwa nayo inafanya kazi ujue ni uchafu.

Lakini kununua nako hakukukingi. Mwaka 2012 ilitangazwa homoni ya misuli inaitwa irisini, ikasemwa mazoezi yanaipandisha na inachoma mafuta, watu wakanunua vipimo vya tayari wakapima maelfu ya damu. Mwaka 2015 kuna waliochukua irisini rikombinanti safi wakazijaribu zile kingamwili za kwenye vipimo, wakakuta zinashika protini zingine kabisa. Irisini yenyewe baadae ilithibitishwa ipo kwa njia ya kupima uzito wa molekuli, ila namba nyingi zilizochapishwa kabla zilibaki hazina maana. Mwenye protini safi mkononi ndo anaweza kukagua kipimo alichouziwa, asiyekua nayo anaamini lebo.

Na hapa naomba niseme na wasomaji wa kawaida kidogo, maana naona kwenye simu watu wanauziana vichupa vya "peptaidi" (protini fupifupi) za kupunguza tumbo vimeandikwa kwa matumizi ya utafiti tu. Dada zangu, kaka zangu, msijichome. Maneno yale yana maana kwamba hakuna mamlaka iliyokagua kile kichupa kwa ajili ya mwili wa binadamu, hakuna aliyehakikisha ni salama, na hiyo endotoksini niliyoieleza ikiingia kwenye mshipa inaleta homa kali na presha kushuka mpaka mtu anazimia. Hata zangu mwenyewe ninazozitengeneza kwa mikono yangu na kuziamini, simchomi mtu.

Kwahiyo ombi langu kwa COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na wizara mbili, ya afya na ya elimu, ni dogo na linapimika. Chagueni chuo kimoja, kiwe Muhimbili, kiwe Sokoine, kiwe Nelson Mandela pale Arusha, mi sina upendeleo, wekeni pale chumba kimoja cha kutengeneza protini za utafiti kwa ajili ya vyuo vyote nchini. Chumba chenye freeza mbili na jenereta ya uhakika, mafundi sanifu wa kuajiriwa kabisa sio wanafunzi wanaokuja na kuondoka na ujuzi wao, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukagua ubora tu na ana mamlaka ya kusema bechi hii imwagwe. Waanze na vimeng'enya vya kawaida kama polimerasi ya Taq, kimeng'enya cha kunakili DNA, ambayo kila maabara inainunua na kuitengeneza ni rahisi, wakizoea mikono waende leptini na FGF21 (homoni ya ini inayohusika na sukari na mafuta), halafu GAD65 kwa hamira. Na watu wa forodha wapewe mstari mmoja tu kwenye fomu unaosema vitendanishi vya utafiti vinavyoharibika kwa joto, viachiwe siku hiyohiyo na makaratasi yafuate, hilo halihitaji hata bajeti, linahitaji sahihi.

Na kwa ndugu yangu aliyeandika ile barua, hela ya insulini ya yule mama idaiwe kwa nguvu zote na mimi nitasimama na wewe kuidai, ni mfuko mwingine na ni deni la serikali kwake. Ila huyo mama ana watoto, na mmoja wao akianza kuumwa nataka daktari wake aweze kupeleka tone la damu hapa nchini na kuambiwa ndani ya wiki mtoto ana kisukari cha aina gani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtaalamu wa maabara,
Dar es Salaam